Mafunzo kwa vitendo katika shirika la utetezi wa sayansi: jibu kwa mleta uzi

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba unamaliza mwaka wa tatu wa shahada ya sayansi pale Morogoro, kwamba umeona tangazo la shirika lisilo la kiserikali la Dar es Salaam linalotafuta vijana wa kufanya kazi ya utetezi wa sayansi kwa miezi mitatu, na unauliza kama hiyo ni kazi kweli au ni kupanga viti vya semina, na kama itakufaa kuliko kwenda maabara. Mimi nilifanya mafunzo ya aina hiyo kuanzia Julai hadi Septemba 2017, katika shirika lililokuwa likishughulika na bioteknolojia ya kilimo. Jina lake sitalitaja, kwa sababu si yote nitakayoyasema ni ya kulisifu.

Viti nilipanga. Nilibeba projekta, nikazungusha karatasi ya mahudhurio, nikahesabu chupa za maji, na kwa wiki mbili za kwanza niliamini kabisa kwamba nimepoteza muda wangu. Kilichonibadilisha mawazo ni sentensi moja. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuandaa kipeperushi cha ukurasa mmoja kwa ajili ya madiwani, kuhusu mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, yaani chembe za urithi zilizo ndani ya mbegu, na mahali fulani nikaandika kwamba tafiti zilizopitiwa hadi sasa hazijaonyesha madhara kwa afya ya mlaji. Ofisa wa mawasiliano alinirudishia karatasi akiwa amekata mstari huo kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: "Imethibitika kwamba hayana madhara yoyote." Alinieleza kwamba madiwani hawapendi sentensi zenye mashaka ndani yake.

Msimamizi wangu, mama mmoja mtaalamu wa mbegu ambaye alikuwa ameshastaafu utumishi wa umma, aliiona karatasi ile mezani kwangu akavuta kiti. Tulikaa karibu saa nzima juu ya mstari huo mmoja. Alinionyesha kwamba sentensi yangu inasema watu wametafuta na hawajakuta, jambo ambalo lina ushahidi na linaweza kutetewa mbele ya yeyote. Sentensi ya ofisa inatoa ahadi ambayo hakuna mtafiti anayeweza kuiwekea saini. Na kuna sentensi ya tatu, "hakuna ushahidi kwamba yana madhara", ambayo watu wengi huitumia wakidhani ni sawa na ya kwanza, ilhali inaweza kuwa kweli hata pale ambapo hakuna aliyewahi kutafuta. Kisha akaniuliza, "Diwani akisimama akasema, nani kathibitisha, lini na wapi, utamjibu nini, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Kipeperushi kilitoka na sentensi ya kwanza, ingawa ofisa yule hakufurahi, na kwa muda wote uliobaki hakunipa tena kazi ya kuandika.

Kwa hiyo, ukiniuliza kazi yenyewe ni nini, nitakujibu kwamba ni kulinda maneno kama "hadi sasa" na "zilizopitiwa" yasidondoke njiani kati ya mtafiti na msikilizaji. Anayekwenda kwa sababu anaipenda sayansi tu atachoka mapema.

Kuna kazi nyingine niliyopewa ambayo ilinifundisha kwa nini neno moja lina uzito huo. Niliambiwa niandae mtiririko wa matukio ya Kenya. Mnamo Septemba 2012 Gilles-Éric Séralini na wenzake wa Ufaransa walichapisha utafiti juu ya panya waliolishwa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, ukiwa na picha za panya wenye uvimbe mkubwa. Novemba mwaka huohuo serikali ya Kenya ikapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya aina hiyo. Novemba 2013 jarida lililouchapisha utafiti huo liliuondoa, kwa hoja kwamba panya walikuwa wachache mno katika kila kundi, na kwamba walikuwa wa aina ambayo hupata uvimbe kwa urahisi hata bila kulishwa chochote cha ajabu, hivyo mtu hawezi kufikia hitimisho la uhakika kutokana na matokeo yale. Watafiti hawakukubaliana na uamuzi huo na wakauchapisha upya katika jarida jingine mwaka 2014. Nilipokuwa nikiandaa jedwali langu mwaka 2017 marufuku ya Kenya ilikuwa ingali inasimama, na ilikuja kuondolewa na baraza la mawaziri Oktoba 2022. Mwanafunzi wa sayansi hufundishwa kwamba kosa likigunduliwa husahihishwa. Hakuna anayemwambia kwamba masahihisho hayo hayafiki wizarani yenyewe kwa miguu yake, na kwamba hata yakifika hukuta siasa, biashara na hofu za wananchi zimeshakaa vitini.

Jambo la pili lililonikaa moyoni lilitokea katika kijiji kimoja wilayani Chamwino, baada ya mavuno, ndani ya darasa la shule ya msingi. Wakati huo majaribio ya mahindi yanayostahimili ukame yalikuwa yanaendelea katika shamba la utafiti la Makutupora, mkoani Dodoma, tangu Oktoba 2016, na wakulima wa jirani walikuwa wameyasikia kwa namna mbalimbali. Nilikuwa na slaidi 14 juu ya kinasaba, protini na bakteria wa udongoni. Nilipofika ya sita, mzee mmoja aliyekaa dirishani aliinua fimbo yake. "Mjukuu wangu, hayo ya ndani ya mbegu mtayamaliza wenyewe huko. Mimi nauliza hivi: nikiitundika juu ya moshi jikoni, mwakani itaota?"

Slaidi zangu zote 14 hazikuwa na jibu hilo. Msimamizi wangu ndiye aliyesimama akaeleza kwamba itaota, lakini aina zilizokuwa zikijaribiwa zilikuwa chotara, na chotara yoyote, iwe imebadilishwa vinasaba au ni ile ya kawaida ya duka la pembejeo, ukiirudia msimu wa pili mimea hutoka haifanani na mavuno hupungua, hivyo mkulima hulazimika kununua mbegu kila mwaka. Hakuizungusha. Kwa hesabu ya haraka jibu hilo lilikuwa linatuharibia mkutano, maana wapo walioguna, lakini maswali yaliyofuata yakawa ya bei, ya mbolea, ya nani atauza, na watu walikaa hadi jua likawa linazama. Usiku ule, katika nyumba ya wageni isiyo na umeme, nilifuta slaidi tisa.

Hapa ndipo ninapokushauri uwe macho. Kutetea sayansi na kutetea bidhaa ni kazi mbili tofauti, na shirika moja linaweza kuzichanganya bila wewe kujua. Kwenye usaili uliza kwa adabu wafadhili wao ni akina nani, na kama wamewahi kutoa kauli ambayo mfadhili hakuipenda. Uliza pia serikali ina msimamo gani juu ya jambo wanalolishughulikia, na nani hutoa kibali cha kulizungumzia hadharani. Novemba 2018, mwaka mmoja na ushei baada ya mimi kuondoka, Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio ya Makutupora yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Vijana waliokuwa kwenye mafunzo wakati huo walijikuta wamekaa ofisini bila la kufanya.

Kuhusu malipo, mimi nilipewa shilingi 10,000 kwa siku ya kazi kwa ajili ya nauli na chakula cha mchana. Niliweza kuishi kwa kuwa nililala kwa shangazi yangu Mbagala bila kodi. Asiye na shangazi mjini hawezi kukubali masharti kama hayo, na ni aibu kwamba nafasi hizi huishia kwa wenye pa kufikia. Kwa hiyo usione haya kuuliza posho ni kiasi gani kabla ya kukubali. Kagua pia kama shirika limesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, na likikuomba ada ya fomu, achana nalo.

Kama nafasi hiyo haikutoka, ziko sehemu nyingine za kubisha hodi. Jukwaa la bioteknolojia ya kilimo linalojulikana kwa kifupi cha OFAB liko hapa nchini chini ya mwavuli wa COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Nairobi kuna ISAAA AfriCenter, kituo kinachoeneza taarifa za bioteknolojia ya mazao. Na kwa anayependa shule kuliko mashamba, Young Scientists Tanzania huandaa maonyesho ya miradi ya kisayansi ya wanafunzi wa sekondari. Nje kuna mashirika ya utetezi wa sayansi kama Sense about Science la London, lililoanzishwa mwaka 2002, na Union of Concerned Scientists la Marekani, lililoanzia chuo cha MIT mwaka 1969, ila matangazo mengi ya huko niliyowahi kuyasoma yanataka mtu ambaye tayari ana ruhusa ya kufanya kazi katika nchi hizo.

Kuhusu maabara, sitakudanganya. Kama nia yako ni shahada ya pili ya utafiti, nenda maabara, kwa sababu watakaokuchagua watataka kujua mikono yako imeshika nini. Mimi mashine ya PCR, ile ya maabara inayotoa nakala nyingi za DNA, niliigusa kwa kuchelewa, na nililipa gharama yake. Uliza pia idara yako kama itayakubali mafunzo haya kwenye kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, maana yangu yalikubaliwa baada ya barua mbili za msimamizi.

Ukiamua kuomba, usitume wasifu peke yake. Chukua utafiti mmoja, hata wa mwalimu wako hapo chuoni, uueleze kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, kisha umsomee mtu ambaye hakusoma sayansi kabla ya kuutuma. Mimi nilimsomea shangazi akiwa anachambua mchele uani, akanisimamisha mstari wa pili tu kuniuliza hicho kinasaba kinakaa upande gani wa punje. Mstari huo niliuandika upya mara nne, na ndio ambao msimamizi wangu aliniuliza habari zake siku ya usaili.