Wasomaji Wanauliza: Wikiendi ya Hoteli za Ufukweni

Likizo za shule zikikaribia, barua zinazotufikia huhusu jambo moja: siku mbili tatu kwenye hoteli kubwa za ufukweni Unguja na Pemba. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Mimi na mume wangu tulitoka Dar es Salaam Ijumaa tukalala siku mbili kwenye hoteli ya nyota tano, pwani ya mashariki ya Unguja. Jumamosi saa nne asubuhi tunafungua pazia, bahari hakuna! Mchanga mtupu, mwani, na vijiti vimechomekwa hadi mbali. Kwenye picha maji yalifika mpaka ngazi za mgahawa. Tulitapeliwa? — Bi harusi, Kigamboni

Hamkutapeliwa, Bi harusi. Ila picha ilipigwa saa kumi alasiri, na nyinyi mliamka saa nne.

Kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, kati ya ufukwe na mwamba wa nje unaovunja mawimbi kuna uwanda mpana, na maji yake ni kina kifupi. Bahari ikipwa, uwanda huo hubaki wazi. Vile vijiti ni mashamba ya mwani ya akina mama wa vijijini, na kamba zake zikikanyagwa ni hasara ya mtu.

Kinachoamua kama mtaogelea au mtatembea ni mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hushuka hadi mita 1 hivi. Kila siku kujaa huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Huku kwetu siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Ongeza dakika 50 kwa siku saba, unapata karibu saa sita. Ndiyo maana siku za maji mafu mambo hugeuka: bahari inajaa kwenye saa nne asubuhi, na inapopwa jioni haiendi mbali.

Basi kabla ya kuchagua hoteli, chagueni tarehe. Tazameni kalenda ya Kiislamu ukutani. Jumamosi ikiangukia tarehe 1 hadi 3 au 15 hadi 17 ya mwezi, mtaogelea mchana hadi magharibi, na asubuhi itakuwa ya kutembea. Ikiangukia tarehe 8 au 9, au 22 hadi 24, mtaamka na maji mlangoni. Kwa wikiendi fupi ya mashariki sisi tungechukua maji mafu, kwa sababu Jumapili mnatakiwa kutoka chumbani saa nne, na asubuhi hiyo ndiyo nafasi yenu ya mwisho ya kuingia baharini.

Asiyetaka hesabu hizi aende Nungwi au Kendwa, kaskazini. Kule chini kunaporomoka upesi na mtu huogelea karibu saa zote. Bei imeshalijua hilo, na watu wengine nao wameshalijua, kwa hiyo msitegemee upweke.

Jambo moja zaidi kwa wanaopenda kutembea mwambani maji yakiwa yametoka. Bahari ikianza kurudi haiji kwa mbele kama ukuta. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na ufukwe. Ukiwa nje kabisa na miguu mikavu, mfereji uliouvuka kwa kifundo unaweza kuwa umefika kiunoni. Uliza saa ya kupwa kabisa, na ikifika hiyo saa geuza njia, hata kama mbele kunapendeza.

Tulilipia chumba mtandaoni tukajua yamekwisha. Kuondoka tukapewa bili nyingine inayokaribia nusu ya ile ya kwanza. Hivi ndivyo inavyokuwa? — Baba wa wawili, Mikocheni

Mara nyingi, ndiyo, na si lazima pawe na ujanja. Bei ya mtandaoni ni ya kulala na chai ya asubuhi, mengine yanajikusanya polepole. Kwanza fahamu umelipia mlo gani. Hafubodi ni chai ya asubuhi na chakula cha usiku, lakini vinywaji vya usiku huo, hata maji, kwa kawaida havimo. Fulubodi inaongeza chakula cha mchana, na vinywaji bado ni vyako. Ile ya kila kitu ndani ina vinywaji, lakini uliza vipi: mara nyingi ni soda, bia na pombe za kawaida, huku juisi ya kukamuliwa hapo hapo na kahawa ya mashine vikitozwa. Na kamba kochi, hata kama yumo kwenye orodha ya vyakula, huwa na nyongeza yake karibu kila mahali.

Kisha kuna tozo ya serikali ya kila kichwa kwa kila usiku. Mitandao mingine haiijumuishi kwenye bei, ikakungoja mapokezi. Watoto nao wana mipaka ya umri inayotofautiana. Hoteli moja humhesabu mtoto hadi miaka 11, nyingine hadi 5, kwa hiyo usiandike tu “watoto wawili”, taja miaka yao.

Kabla ya kulipa, andika ujumbe mfupi wenye maswali haya: bei ni ya chumba au ya kichwa? Kodi na tozo zimo? Mlo ni upi na vinywaji vimo? Gari la kutoka bandarini ni kiasi gani, na ni kwa gari au kwa mtu? Mna bei ya mkaazi? Hili la mwisho wengi hulisahau. Hoteli nyingi zina bei ya chini kwa Watanzania na wakaazi, lakini haionekani mtandaoni na haitolewi bila kitambulisho. Piga simu hotelini moja kwa moja.

Ukifika, mapokezi watazuia kiasi cha fedha kwenye kadi yako kama rehani. Hazijakatwa, ila huwezi kuzitumia, na benki inaweza kuchukua siku kadhaa kuziachia. Usiende na kadi yenye salio la kukutosha chakula tu. Halafu omba kuiona bili Jumamosi usiku, pale mapokezi pakiwa pametulia. Jumapili saa nne foleni ni ndefu, dereva anapiga honi, na hakuna anayebishana kuhusu juisi tatu ambazo hakuzinywa.

Mimi navaa hijabu. Nataka kuogelea na kupumzika kama watu wengine, lakini sitaki kujikuta mahali pa kunitia dhiki. Niangalie nini? — Umm Salma, Tanga

Anza na bwawa. Burkini inakubalika kwenye hoteli nyingi, ila waulize kwa maandishi uwe na jibu mkononi. Wanachokataa kwa haki ni nguo ya pamba: leso, dera, fulana. Pamba hunyonya maji ikawa nzito, na nyuzi zake zinakwenda kuziba chujio la bwawa. Kitambaa cha nailoni au polista hakina tabu hiyo.

Kama mfuko unaruhusu, chukua chumba chenye bwawa lake. Lakini tahadhari: “bwawa la faragha” katika matangazo maana yake ni kwamba hutagawana na mtu, si kwamba huonekani. Omba picha iliyopigwa ukingoni mwa bwawa kuangalia nje. Ukiona ghorofa ya jirani au njia ya wapita ufukweni, umeshapata jibu. Chumba cha chini nyuma ya ua wa makuti mara nyingi kina stara kuliko kile cha ghali kinachotazama bahari.

Chakula: wapishi wengi ni wenyeji Waislamu na nyama huwa halali, ila hoteli za wageni wa Ulaya zinaweza kuweka nguruwe kwenye meza ya asubuhi, pembeni ya soseji za kuku, koleo moja likihudumia zote mbili. Mwambie mpishi mkuu usiku uliotangulia. Mayai yako yatakaangwa kwenye kikaango safi. Kibla hakitakusumbua: Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Unguja, ikielemea mashariki kwa kiasi kidogo mno. Na ukitoka nje ya lango kwenda kijijini, vazi lako ndilo linalofaa kuliko ya wageni wote.

Nina mtoto mwenye pumu na hawezi kulala bila kiyoyozi. Umeme wa Zanzibar ni wa kutegemewa? — Mama Hija, Dodoma

Umeme wa Unguja unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na Disemba 2009 giza likarudi likadumu hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 uliwekwa mwaka 2013 na hali ikatengemaa, lakini tangu zama zile hakuna hoteli kubwa isiyo na jenereta. Kwa hiyo usiulize “mna jenereta?” Uliza: “jenereta inabeba viyoyozi vya vyumba vyote usiku kucha, au taa na jikoni tu?” Uliza pia imewekwa wapi. Chumba cha bei nafuu ndicho kinachokaa karibu nayo, na moshi wa dizeli kwa mwenye pumu ni mbaya kuliko joto.

Tukiwa hapo hapo: maji ya bomba ya mashariki huwa na chumvichumvi, maana visima vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Sabuni ya kipande haitoi povu. Chukua ya maji, na msiyanywe.

Nilikanyaga yule mdudu mweusi wa miiba mirefu. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Ipi ya kweli? — Msomaji, Morogoro

Maji ya moto. Yawe moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua (ayapime mtu mwingine kwa mkono, maana mguu wenye maumivu haupimi sawasawa), utumbukize kati ya nusu saa na saa moja na nusu. Joto hupunguza maumivu. Miiba inayochomoza itoe kwa kibano. Iliyokatikia ndani usiichokonoe kwa sindano, huvunjika vipande zaidi. Utomvu wa papai bichi wavuvi wanaupaka miaka yote na hatuwakatazi, ila uje baada ya maji. Mwiba ulioingia kwenye kiungo, au mguu unaovimba siku ya pili, ni wa hospitali. Kinga yake ni viatu vya plastiki vyenye kisigino kilichofungwa. Ndala hubaki kwenye tope.

Wikiendi inatosha kwenda Pemba? — Wachumba, Mbezi

Kwa ndege, inatosha. Kwa boti, labda muongeze siku, kwa sababu si kila siku kuna safari, na safari ikiahirishwa wikiendi imekwisha. Ndege inatua Chake Chake. Kutoka hapo hadi rasi ya Kigomasha, kaskazini, ni zaidi ya saa moja kwa gari, na kipande cha mwisho kinapita ndani ya msitu wa Ngezi, wenye miti minene hadi mchana unafifia. Huko ndiko kuna hoteli ya Manta na kile chumba chake kinachoelea baharini, kitanda kikiwa chini ya maji na samaki wanapita dirishani. Hoteli nyingine, Fundu Lagoon, iko upande wa Mkoani na hufikiwa kwa boti.

Msiende Pemba kutafuta fukwe ndefu za kutembea. Kisiwa ni cha vilima, mikoko na mikarafuu, na utajiri wake uko chini ya maji. Asiyezamia wala kuvaa miwani ya kuogelea atapendezwa kwa siku moja, ya pili ataanza kuuliza saa ya ndege.

Bahashishi nimpe nani na kiasi gani? Kila anayenihudumia ananitazama! — Kaka, Mwanza

Mbebaji mizigo mpe pale pale, noti ndogo. Waliobaki, weka kwenye sanduku la mapokezi siku ya kuondoka. Kwenye hoteli nyingi fedha za sanduku hugawiwa wote, wakiwemo waosha vyombo, wafuaji shuka na watunza bustani ambao hukuwaona hata mara moja. Aliyesafisha chumba chako, ukitaka kumpa peke yake, weka juu ya mto na andika kikaratasi “ya kwako”. Bila kikaratasi hataigusa: fedha iliyoachwa chumbani anatakiwa kuipeleka mapokezi kama mali iliyosahauliwa.