Si wewe uliyeiua mashine ya bibi

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza kwa maneno matano tu: "Baba, nimeiua mashine ya bibi?" Kisha ukaongeza kwamba tangu Idd usingizi umekupotea, na kwamba fundi uliyemwonyesha picha huko Nairobi amekwambia mashine ya umri ule ni ya kutupwa, ununue mpya.

Hukuiua mashine yake ya kupigia mayai. Nimeifungua, nimekiona kilichoungua na sababu yake naijua. Sababu ni mimi.

Siku ile ulipoiwasha ilinguruma vizuri, na dakika haikutimia ikatoa moshi mzito na ile harufu ya kuwasha koo iliyowakimbiza watoto jikoni. Ulichomoa plagi papo hapo, nawe ulifanya sawasawa. Mota haikuungua. Kilichoungua ni kapasita, kidude kisichozidi kipande cha tende, ambacho kazi yake ni kuzuia cheche za mota zisiisumbue redio ya jirani. Zile za zamani ndani yake mna karatasi iliyofungiwa kwenye ganda gumu. Ganda likizeeka hupata nyufa nyembamba kama unywele, na karatasi ikaanza kunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo. Umeme ukirudi siku moja, karatasi iliyolowa haiwezi tena kuuzuia. Huchemka, ikapasuka. Hata ningeiwasha mimi, au marehemu mwenyewe, ingepasuka vilevile.

Sasa huo unyevu uliingiaje? Bibi yako alipofariki mwaka 2016, niliifuta mashine kwa kitambaa cha maji, nikaifunga kwa nailoni siku ileile, nikaiweka stoo chini ya ngazi. Unaijua stoo ile, ukuta wake wa mawe ya matumbawe hutoka jasho masika yote. Shangazi yako aliiomba mara mbili kwa harusi, nikamkatalia, nikamwambia ile ni amana. Mimi, niliyeishi kwa kutengeneza mota za watu miaka zaidi ya thelathini na ninayejua chumvi ya bahari inavyokula shaba, nikaifungia mashine ya mama yangu na maji yake ndani ya nailoni. Nilidhani ndiyo heshima. Nisamehe kwa usingizi uliokupotea.

Marehemu hakuitunza hivyo. Kaka yake, aliyekuwa baharia, alimletea kutoka Uingereza mwaka 1968. Ni Kenwood Chef, kibao chake kimeandikwa Havant, mji wa kiwanda chake, na umbo lake lile la pande zilizonyooka lilichorwa na Kenneth Grange mwaka 1960. Umeme wa kule ulikuwa volti 240 kama wetu, kwa hiyo haikuhitaji transfoma. Kabla yake mama alikuwa akipiga mayai ya mkate kwa mkono, mayai ishirini na sukari, mpaka bega likafa ganzi. Mkate wa mayai hauna hamira, unajua. Unaumuka kwa pumzi iliyopigwa ndani ya yale mayai, na ukichoka mapema unatoka bapa. Mashine ilipokuja, alisimama kando yake na kikombe cha chai, akiangalia pigio likizunguka huku na kichwa chake kikizunguka upande wa pili, bakuli limetulia pale pale. Mtaa mzima ulikuja kutazama.

Nilipoifungua juzi nilikuta jambo nisilolijua. Kaboni za mota, vile vijiti viwili vinavyosugua shaba ya amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, si zake za asili. Zilitoka kwenye mashine nyingine, zikapigwa msasa mpaka zikaenea. Basi aliwahi kumpelekea fundi, tena si mimi. Labda nilikuwa kazini Changamwe, labda hakutaka kunisumbua. Nilikaa nazo mkononi kwa muda.

Kazi yenyewe ilinichukua wiki mbili, nyingi zikiwa za kusubiri. Amecha niliianika juani siku mbili, ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa chandarua, kisha nikapima kwa mega, kipimo cha kuvuja kwa umeme, baina ya waya na bodi mpaka nikaridhika kwamba umeme hauvuji. Grisi ya gia ilikuwa imekauka kama gundi ya seremala. Niliikwangua kwa kijiti cha mbao, nikaosha gia kwa mafuta ya taa, nikatia grisi mpya ile ya mashine za vyakula, maana iliyo juu ya bakuli hudondokea bakulini. Miguu ya mpira iligeuka lami na kunasa kwenye rafu, nimeweka mipya. Waya nao nimebadilisha. Ule wa zamani ulikuwa na rangi za Uingereza za kabla ya 1970, nyekundu ndiyo moto, nyeusi nyutro na kijani wa ardhini, na mpira wake ulikuwa unavunjika ukiupinda.

Kapasita niliitafuta upande wa Mwembe Tayari. Mwenye duka alinipa ya feni ya dari, akasema zote ni moja. Si moja. Ukija kuhitaji nyingine, shikilia ya aina ya X2, iandikwe volti 275, kwa sababu hiyo imetengenezwa kukaa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba na ikifa isiwashe moto. Bei yake haifiki ya trei ya mayai. Huyo fundi wako alitaka utupe mashine nzima kwa kitu cha bei hiyo.

Sikuiunga kwenye soketi moja kwa moja. Niliunga balbu ya wati 100, ile ya zamani ya nyuzi, mfululizo nayo, umeme upite kwenye balbu kabla ya mashine. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote na mashine haisogei, kuna shoti, na hakuna kitakachoungua. Nilipowasha, balbu iling'aa, kisha ikafifia, na mota ikaanza kuzunguka polepole. Mama yako alikuwa mlangoni. Hakusema kitu, alikwenda kuleta mayai.

Umeuliza pia kuhusu rangi, kama niipige spre nyeupe ing'are kama mpya. Hapana. Rangi ya kiwandani ilichomwa kwa joto, ni ngumu, nayo bado imeshika kote isipokuwa pembeni pa swichi. Spre juu yake itabanduka, na vipande vyake vitaishia kwenye unga. Pale pembeni nimesugua kutu nikapaka kidogo, basi. Nimeisafisha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, na safari hii nimeikausha.

Ila sharti moja. Ukiichukua, usiifunge. Iweke mezani, mahali mkono unapofika, uiwashe japo mara moja kwa wiki mbili, hata kama ni kwa chapati, kwa sababu joto la mota yenyewe ndilo linaloifukuza hewa ya maji.

Lakini itabidi uisubiri kidogo. Shangazi yako ana harusi Jumamosi na anahitaji mikate sita. Nilimpigia jana usiku, kabla hajaniomba. Alikuja asubuhi na mapema akaibeba mwenyewe, akakataa hata nimsaidie kuiteremsha ngazi.

Baba yako