Kwa nini "Because the rain was heavy." imepigwa kalamu nyekundu

Mleta mada, umeuliza kosa liko wapi kwenye "Because the rain was heavy." wakati kila neno liko sahihi. Mimi pia lilinikuta, kidato cha pili, nikisoma Tabora. Nilikasirika hadi likizo.

Nyumbani ni Kigoma, na mama alikuwa mwanika dagaa pale Kibirizi. Kiingereza hakijui. Nilikaa na daftari langu pembeni yake nikaisoma ile sentensi kwa Kiswahili: "Kwa sababu mvua ilikuwa kubwa." Nikanyamaza. Mama akaacha kugeuza dagaa, akanitazama: "Ehee?"

Hiyo "ehee" ndiyo kipimo ninachotumia mpaka leo. Kishazi ni kundi la maneno lenye kitenzi. Kishazi tegemezi, kama hicho chako, kinamwacha msikilizaji akingoja. Kishazi huru, mfano "The dagaa did not dry", hakimdai mtu chochote. Viunganishe: "Because the rain was heavy, the dagaa did not dry." Tegemezi kikitangulia, weka mkato. Kikifuata nyuma, kwa kawaida mkato hauhitajiki: "The dagaa did not dry because the rain was heavy." Kwa mdomo, mtu akikuuliza "Why?", ukamjibu "Because the rain was heavy", hujakosea, maana swali lake limeshabeba nusu nyingine. Kwenye insha hakuna aliyekuuliza.

Sasa pa kuangalia sana ni hapa. Kiswahili chetu mara nyingi kinauficha utegemezi ndani ya kitenzi. "Treni ilipofika Tabora": hiyo "-po-" imemaliza kazi. Kitenzi cha Kiingereza hakina nafasi hiyo, lazima neno lisimame mbele: "When the train reached Tabora, we bought honey." Ukilisahau unapata "The train reached Tabora, we bought honey", vishazi huru viwili vilivyoshikwa na mkato peke yake, na mkato hauna nguvu hiyo. Weka nukta, au "and".

"Nitakapofika" nayo inatuponza, kwa sababu ina "-taka-" ya wakati ujao. Ndiyo maana tunaandika "When I will arrive, I will call you." Sahihi ni "When I arrive, I will call you", wakati ujao unabaki kwenye kishazi huru. (Usichanganye na "I don't know when I will arrive". Hapo "when" inaulizia siku au saa, na "will" inakaa vizuri kabisa.)

Halafu "ingawa... lakini". Kwetu vinakaa pamoja bila ugomvi, Kiingereza kinataka kimoja tu. "Although he is old, but he works" nakutana nayo karibu kila wiki kwa vijana ninaowafundisha jioni hapa Ujiji, na inaniuma zaidi nikiiona kwenye barua ya kuomba kazi ya mtu mwenye uwezo. Futa "but", au futa "although".

Lete hapa aya moja ya insha yako kama ilivyo, tuipitie sentensi kwa sentensi.