Misuli kwa Maharage: Majibu kwa Wasomaji wa Mwanza

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mwanza, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu aliyeacha nyama, samaki, mayai na maziwa anaanzaje mazoezi ya nguvu bila kudhoofika? Tumezijibu kwa vipimo, kwa sababu wengi walioandika wanafanya juhudi nzuri kwa kukadiria tu.

SWALI: Nina miaka 24, uzito kilo 62. Tangu mwaka jana sili chochote kitokanacho na mnyama. Nataka kuanza kunyanyua vyuma ila jimu ni mbali na mfuko umetoboka. Nyumbani kuna madumu mawili ya lita 10 na moja la lita 20. Vinatosha? – *Kijana wa Buzuruga*

JIBU: Vinatosha kwa miezi kadhaa ya mwanzo, mradi ujue kuyapima. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi dumu la lita 10 likijaa ni kilo 10 na plastiki yake juu kidogo. Wengi hukosea wanapotaka uzito mdogo: wanatia lita 6 kwenye dumu la 10, na kila wakiinama maji yanakimbilia upande mmoja na kuwavuta kifundo cha mkono. Dumu la mazoezi lijae mpaka mdomoni. Ukitaka jepesi, tafuta dumu dogo la mafuta ya kupikia, la lita 5 au 3.

Na ukitaka zito zaidi? Mimina mchanga mkavu ndani ya dumu lililojaa maji. Lita moja ya mchanga ina kama kilo 1.6, lakini ikiingia inafukuza maji kama lita 0.6, kwa hiyo kila lita unayomimina inakuongezea takriban kilo moja. Dumu la lita 10 likishiba mchanga na maji linakaribia kilo 20. Hapo unapanda kilo mojamoja na hakuna kinachochezacheza ndani. Mchanga omba kwenye rundo la mafundi ujenzi, maji chota bombani. Usiingie ziwani kuuchota: kwenye maji ya kina kifupi penye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho.

Fanya siku tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika 40 hivi. Anza kwa kupasha mwili dakika tano: tembea haraka, zungusha mabega, chuchumaa mara kumi bila uzito. Kisha mambo matano.

La kwanza ni kuchuchumaa. Kumbatia dumu la lita 10 kifuani, miguu upana wa mabega, vidole vimetazama nje kidogo. Shuka mpaka mapaja yalingane na sakafu, magoti yakifuata uelekeo wa vidole. Visigino vikinyanyuka, mara nyingi ni vifundo vya miguu vimekakamaa. Weka kipande chembamba cha ubao chini ya visigino kwa wiki chache huku ukivinyoosha.

La pili ni kuinua dumu la lita 20 kutoka chini, na hapa ndipo migongo inapoharibika. Kabla hujaligusa, chukua ufito au mpini wa fagio, uweke mgongoni uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa chini ya kiuno. Inama kwa kusukuma makalio nyuma, magoti yakikunjika kidogo. Ufito ukiachana na sehemu mojawapo, umepinda mgongo badala ya kukunjika nyongani. Rudia mpaka usiachane, hata kama itachukua siku tatu za mazoezi, ndipo uliweke dumu katikati ya miguu na kulinyanyua kwa mtindo huohuo, likipita karibu kabisa na mwili.

La tatu ni pushapu. Usipofikisha nane safi chini, weka mikono kwenye benchi au jiwe la kimo cha kiuno (mawe Mwanza hayajawahi kuadimika), kisha shuka kwenye jiwe fupi zaidi kadiri unavyopata nguvu. La nne ni kuvuta: mkono mmoja umeegemea kiti, mwingine unavuta dumu mpaka ubavuni, kiwiko kikipita karibu na mbavu. Watu huliruka zoezi hili kwa sababu msuli wa mgongo hauonekani kwenye kioo, halafu mabega yanaanza kujikunja mbele. La tano ni kutembea na madumu mawili mkononi hatua 40. Wakazi wa miinuko ya Igogo na Mabatini hilo wanalifanya kila siku bila kuliita zoezi.

Wiki mbili za mwanzo piga seti mbili tu za kila zoezi, baadaye tatu. Kila seti iwe na marudio 8 hadi 12, ukiacha ungali na uwezo wa kufanya mawili zaidi. Pumzika dakika mbili kati ya seti. Ukifikisha 12 katika seti zote bila mwili kuyumba, ongeza kilo moja na urudi kwenye 8. Andika kwenye daftari. Kumbukumbu ya kichwani hudanganya, nayo hudanganya kwa kujisifu.

Misuli itauma siku ya pili na ya tatu, hilo ni kawaida. Ila maumivu makali yanayoandamana na uvimbe na mkojo wa rangi ya chai ya rangi si ya kuvumilia: ni dalili kwamba msuli umevunjikavunjika na unaweza kuumiza figo. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Huwapata zaidi wanaoanza kwa kishindo, marudio mia siku ya kwanza.

Ukija kuhamia kwenye vyuma vya zege kama vya jimu za mtaani, kumbuka kwamba kopo la rangi la lita 4 likijaa zege lina kama kilo 9 na nusu, lakini makopo mawili hayalingani kwa kukisia. Lipime kila moja zege likiwa bado bichi, kwenye mzani wa muuza nafaka. Upande mmoja ukizidi hata kilo moja, bomba linaloyaunganisha linalalia huko na bega moja ndilo linalolipa.

SWALI: Kila ninayemwambia ninafanya mazoezi bila kula samaki ananicheka. Wanasema bila sato hakuna misuli. Nina kilo 60. Ugali na maharage vitanifikisha? – *Msomaji, Nyegezi*

JIBU: Vitakufikisha, ila si kwa bakuli dogo unalopewa kwa mama ntilie. Sato protini yake imebanana: gramu 100 za mnofu mbichi zina kama gramu 20. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina 8 au 9 tu, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji. Ukiondoa kipande cha sato sahanini na kuacha maharage yaleyale ya pembeni, hujabadilisha mlo, umeupunguza.

Kwa anayejenga misuli, lengo zuri ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwako ni kama gramu 96. Pima maharage yakiwa makavu. Huna mzani? Nunua kilo moja, igawe mafungu kumi yanayolingana: kila fungu ni gramu 100, lenye protini kama gramu 21. Fanya hivyo kwa choroko na dengu pia.

Siku inaweza kwenda hivi. Asubuhi, uji wa gramu 60 za unga wa uwele au mtama uliochanganywa na gramu 40 za unga wa soya iliyokaangwa kabla ya kusagwa, na konzi ya karanga gramu 30 pembeni: jumla kama 28. Soya mbichi usiisage, ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini mpaka ipate moto. Mchana, wali wa gramu 100 za mchele na fungu zima la maharage: 28 nyingine. Jioni, ugali wa gramu 150 za unga wa mahindi, gramu 80 za choroko au dengu, na mboga ya nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) au mchicha iliyotiwa karanga za kutwanga gramu 20: kama 34. Karanga nyingine gramu 30 saa kumi alasiri, na umefika karibu 97.

Angalia ugali wenyewe. Gramu 150 za unga wa mahindi zina protini kama 12. Za unga wa muhogo, ule udaga unaopendwa pwani yote ya ziwa, zina kama 2 tu. Siyo kwamba udaga ni mbaya. Siku ukiula, ongeza nusu fungu la kunde au choroko kufidia pengo.

Nafaka ina upungufu wa laisini, kiungo kimojawapo cha protini, na jamii ya kunde inacho kwa wingi, ndiyo maana ugali kwa maharage ni ndoa nzuri. Karanga hazishiki nafasi hiyo: laisini yake ni ndogo, na gramu 100 zina kalori zaidi ya 560. Chagua zisizosinyaa wala kuota ukungu, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kukaanga.

Jipime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Ikipita mwezi mzani haujasogea na madumu hayaongezeki, unakula kidogo. Vyakula vya mimea vina nyuzinyuzi, vinashibisha kabla hujatosheka. Ongeza parachichi, ufuta, au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya kuchemsha, uile saa moja na nusu kabla ya mazoezi.

SWALI: Ni mama wa watoto wawili. Nilianza mazoezi miezi miwili iliyopita, sili nyama wala samaki wala maziwa. Nikichuchumaa mara kumi nahisi kizunguzungu na moyo unaenda mbio. Niongeze protini? – *Mama, Kirumba*

JIBU: Hapana, mama, simamisha mazoezi mazito kwanza ukapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Ukiwa huko huko omba wapime malaria, na choo kwa ajili ya minyoo na kichocho. Kandokando ya ziwa hili, damu inaweza kuwa inaibwa na mdudu huku lawama zikipewa mboga. Vidonge vya madini ya chuma usimeze kwa kubahatisha.

Kwenye chakula, mtuhumiwa wa kwanza ni chai. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na maharage inashika madini ya chuma na kuyazuia yasifyonzwe. Iweke saa moja mbali na mlo, kabla au baada. Badala yake kula pera, chungwa, au kachumbari ya nyanya mbichi yenye limau ya kutosha, maana vitamini C hufanya kazi kinyume na chai. Limau likamuliwe mezani, si ndani ya sufuria inayochemka.

SWALI: Tangu niongeze maharage tumbo linajaa gesi, hata pushapu naona aibu kupiga mbele za watu. – *Mwanafunzi, Butimba*

JIBU: Loweka saa 12, mwaga maji, suuza, pika kwa maji mapya. Yachemke kwa nguvu si chini ya dakika kumi, kisha ndipo upunguze moto: maharage yaliyoivishwa kwa moto mdogo tangu mwanzo yanaweza kubaki na sumu inayotapisha. Magadi yanalainisha haraka lakini yanaua vitamini B1, tungeyaacha. Pia umeruka ghafla. Rudi nusu fungu kwa siku, ongeza kidogokidogo kwa wiki tatu, na uanze na choroko, ambazo matumbo mengi huziona nyepesi.

SWALI: Ninunue poda gani? Na ni kweli mwani wa spirulina unatosha kwa vitamini B12? – *Msomaji, Igoma*

JIBU: Kinacholazimika ni kimoja, na si poda: vidonge vya B12. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria, mimea haina ya kutegemewa, na ile ya spirulina sehemu kubwa ni ya bandia ambayo mwili hauitumii. Meza mikrogramu 10 kila siku, au 2000 kwa wiki. Ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana watu huona wako salama mpaka ganzi ya miguu inapoanza.

Poda ya protini ni ya hiari, na ukinunua soma lebo: ile iitwayo *whey* imetokana na maziwa. Kreatini, poda inayosaidia misuli kupata nguvu ya haraka, ina maana zaidi kwako kuliko kwa mla samaki, kwa kuwa mimea haina, ingawa mwili hutengeneza kiasi. Gramu 3 hadi 5 kwa siku, wakati wowote, na maji. Mzani unaweza kupanda kilo moja ya maji mwanzoni. Mwenye ugonjwa wa figo aiache. Vinavyouzwa kwenye mfuko usio na lebo, viache huko huko.

SWALI: Kazi yangu ni kubeba magunia ya dagaa Mwaloni kutwa. Nahitaji mazoezi tena? – *Mbebaji*

JIBU: Magunia yamekupa nguvu ya kubeba magunia, na uzito ukiwa uleule kila siku mwili unaacha kuongeza. Fanya siku mbili tu kwa wiki, ile ya mapumziko iwe mojawapo: pushapu, kuvuta, na kuchuchumaa kwa dumu jepesi. Zoezi la kuinua kutoka chini liache, mgongo wako tayari unalo kutwa. Na kwa kazi hiyo gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili hazitasaidia kama umeshindia chai na kitumbua. Beba wali na maharage kwenye hotpoti, ule mara mbili kabla jua halijazama.