Maswali na majibu: Kusomea utunzaji wa farasi chuoni

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaotaka kwenda chuoni kusomea utunzaji na usimamizi wa farasi, na moja imetoka kwa mzazi. Nimefanya kazi hii na kuifundisha kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu.

Mwalimu, sijawahi kupanda farasi hata siku moja. Nitapokelewa?

Inategemea kozi unayoomba. Kozi za upandaji na za ualimu wa upandaji humtaka mwombaji aonekane akiwa juu ya tandiko kabla hajapewa nafasi, na baadhi huweka kikomo cha uzito wa mpandaji ili kulinda migongo ya farasi. Kozi nyingi za utunzaji na usimamizi hazina sharti hilo, ila hutaka uwe umewahi kufanya kazi kwenye mabanda, hata kwa kujitolea. Waulize chuo kabla ya kujaza fomu.

Kutojua kupanda kusikuvunje moyo. Nimepokea wapandaji hodari ambao hawakuwahi kuinua mguu wa farasi wakaangalia chini ya kwato, kwa kuwa siku zote alikuwepo mtu wa kuwafanyia. Hao huanza pamoja nawe, mstari mmoja.

Kuna nini cha kusoma miaka miwili mizima? Si kumlisha, kumpiga brashi na kumfungia bandani?

Tuchukue hilo la kumlisha tu. Tumbo la farasi ni dogo kuliko umbo lake linavyoonesha: hubeba kama lita 8 hadi 15, na kazi kubwa ya kumeng'enya majani hufanyika nyuma, kwenye utumbo mpana, ambako vijidudu huyachachusha. Asidi humwagika tumboni usiku na mchana, ale asile, lakini mate ya kuipunguza makali hutoka pale tu anapotafuna. Farasi aliyekaa muda mrefu bila majani huwa anachomwa na asidi yake mwenyewe. Halafu hawezi kutapika, maana msuli ulio kwenye mlango wa tumbo lake hubana mno. Akishakula kitu kibaya, au nafaka nyingi kwa mkupuo, hakuna njia ya kukirudisha.

Ukiyajua hayo, kila kanuni ya banda inapata sababu. Ndiyo maana majani huja kwanza, na nafaka hugawanywa milo midogo midogo. Ndiyo maana chakula kipya huingizwa taratibu kwa wiki moja hadi mbili, ili vijidudu vile vipate kuzoea. Na ndiyo maana kijana akija kuniambia farasi fulani hakumaliza majani yake ya usiku, naacha ninachofanya na kwenda kumtazama, kwa sababu msokoto wa tumbo huua farasi wengi na mara nyingi dalili ya kwanza huwa ndogo hivyo: ameacha kula, anageuza shingo kuutazama ubavu wake, mavi yamepungua.

Ukimaliza chakula, kuna kwato, meno, minyoo, chanjo, uzazi (jike hubeba mimba kwa takribani miezi 11), malisho, tabia, hesabu za biashara, usimamizi wa wafanyakazi. Miaka miwili ni michache.

Kitu gani kinawashinda wanafunzi wengi?

Kutazama. Kufagia kila mtu anaweza. Kugundua kwamba farasi wa banda la tatu leo amesimama akiegemea visigino vya miguu ya mbele, na kushuku uvimbe wa ndani ya kwato kabla hajaanza kuchechemea waziwazi, ni jambo linalokuja kwa mwanafunzi aliyekwisha kumtazama farasi huyohuyo akiwa mzima, siku baada ya siku.

Kwa sababu hiyo wanafunzi wangu huanza na namba za afya. Farasi mkubwa aliyetulia huwa na joto la kama nyuzi 37.5 hadi 38.5, moyo hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, naye huvuta pumzi mara 8 hadi 16. Ufizi ukiubonyeza hurudi rangi ya waridi ndani ya sekunde mbili. Lakini kila farasi ana namba zake ndani ya mipaka hiyo. Yule ambaye moyo wake siku zote hupiga 30, siku ukipiga 44 bila kazi, mimi nampigia simu daktari, hata kama kitabu kinasema bado yuko salama.

Hesabu na biolojia zilinipiga chenga shuleni. Niache?

Usiache, ila usitarajie kuzikwepa. Hesabu ya mabandani ina faida kwamba unaiona ikisimama mbele yako. Mfano: huna mizani, na unataka kukadiria uzito ili utoe kipimo sahihi cha dawa ya minyoo. Unapima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, unapima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Mzingo unauzidisha kwa wenyewe, kisha kwa urefu, kisha unagawanya kwa 11,880. Mzingo wa 180 na urefu wa 160 unakupa kama kilo 436. Farasi huyo anahitaji chakula kikavu cha takribani asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani karibu kilo 9, na sehemu kubwa iwe majani. Nimewaona waliochukia hesabu wakizifanya bila kuombwa, kwa sababu sasa zilikuwa za farasi wanayemjua kwa jina.

Nawapenda farasi lakini naogopa teke. Kuna dawa?

Hofu yako ina akili, baki nayo kidogo. Farasi ni mnyama anayewindwa, na kinga yake ni kukimbia. Akikosa njia, hupiga. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa sehemu mbili: nyuma yake kabisa, na mbele karibu na pua. Mkaribie kutoka ubavuni, upande wa bega, ukisema naye. Ukihitaji kupita nyuma, ama pita mbali kabisa, ama pita umemgusa, mkono ukiteleza juu ya mgongo na tako ili ajue uko wapi. Kamba ya kumwongozea usiizungushe mkononi hata mara moja, maana akishtuka ataondoka na vidole vyako. Na ukimfunga, tumia fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja.

Masikio yaliyolala nyuma, mkia unaochapa, mguu mmoja ulioinuliwa: hayo ni maneno. Farasi wengi husema kabla ya kupiga.

Mwalimu, binti yangu ameng'ang'ania kozi hii. Mimi mama yake naogopa atakosa kazi.

Mama, nitakuambia ukweli wote. Kazi zipo: mabanda ya mashindano na ya mbio, mashamba ya uzalishaji, shule za upandaji, hospitali za wanyama, vituo vya kuokoa farasi waliotelekezwa, kampuni za vyakula vya mifugo. Ila nyingi huanza na mshahara mdogo, alfajiri ndefu na sikukuu za kazini, kwa kuwa farasi hula hata siku ya sikukuu. Mwili unachoka, na majeraha hutokea.

Anayesonga mbele ni yule mwenye kitu cha pili mkononi: anajua kutunza kumbukumbu na bajeti, au lishe, au uuguzi wa wanyama, au ufundi wa kwato. Muulize binti yako anataka cha pili kiwe kipi. Akiwa na jibu, mruhusu. Akiwa hana, mtafutie wiki mbili za kazi mabandani, katika majira mabaya ya mwaka, na mzungumze tena akirudi.

Nichukue cheti, stashahada au shahada? Na kuna tofauti gani na udaktari wa mifugo?

Cheti kinakutayarisha kwa kazi za kila siku za banda, stashahada kwa kusimamia banda na watu, shahada kwa sayansi, utafiti au uongozi. Unaweza kupanda ngazi kwa ngazi. Udaktari wa mifugo ni njia nyingine, ndefu zaidi, na kozi hii haikupi ruhusa ya kutibu. Lakini vitu hivi ni ndugu: shule ya kwanza ya udaktari wa mifugo, ile ya Lyon nchini Ufaransa mwaka 1761, ilianzishwa na Claude Bourgelat, aliyekuwa mkuu wa chuo cha upandaji farasi.

Vyuo viwili vimenikubali. Nichagueje?

Nenda kote kuwili, na usianzie darasani. Omba kupitishwa mabandani, ukaangalie farasi kabla ya majengo. Maji ni safi? Farasi mmoja anaweza kunywa lita 25 hadi 50 kwa siku. Matandiko ya sakafuni ni makavu, au macho yanakuwasha kwa mkojo? Kwato zina ufa au zimekatwa vizuri? Hukatwa kila wiki 6 hadi 8, kwa hiyo muulize mlezi wa banda fundi alikuja lini, uone kama anajibu papo hapo. Je, farasi hutoka kwenda malishoni na wenzao, au hushinda wamefungwa?

Kadiria unene wao pia. Kuna kipimo cha 1 (amekonda mno) hadi 9 (amenenepa mno) alichokitunga mtafiti Don Henneke mwaka 1983: mbavu zisizoonekana lakini unazipapasa kwa urahisi ni karibu 5. Chuo chenye farasi wa 2, au wa 8, kinakufundisha kitu ambacho hukuja kukisoma.

Kisha uliza saa: kwa wiki, mwanafunzi ana saa ngapi na farasi, na wanafunzi wangapi kwa farasi mmoja? Ukijibiwa kwa picha za uwanja mpya wa mashindano, uliza tena.

Naanza baada ya miezi mitatu. Nijiandae vipi?

Chanjwa dhidi ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mavi ya farasi, na kidonda kidogo kinatosha. Nunua buti imara zenye kisigino kifupi. Zoea kusukuma toroli lililojaa na kuamka kabla ya jua. Na kama kuna banda lolote unaloweza kulifikia, omba usimame nje ya mlango wake nusu saa kila wiki na daftari, uandike anachofanya farasi mmoja tu, yuleyule. Daftari hilo uje nalo siku ya kwanza.