Re: Nitro kwenye Altezza ya injekta, nifunge ipi?

Mkuu, umeuliza Altezza yako yenye injini ya 3S-GE ifungwe nitro (gesi ya nitrous oxide ya kuongeza nguvu ya injini) ya gesi tupu au ile inayopuliza gesi pamoja na petroli. Mimi ningechukua ya pili. Ya gesi tupu inategemea kompyuta ya gari na injekta (vipulizia petroli) ziongeze mafuta. Zikizidiwa, mafuta yanapungua, joto linapanda na pistoni inatoboka. Nozeli ikae kwenye bomba la hewa, baada ya sensa ya kupima hewa, karibu na throtoli (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta).

Anza na nitro ya kuongeza hospawa 50, achana na vijana wanaokushawishi 100. Injini hiyo ina mgandamizo mkubwa tangu kiwandani, kwa hiyo rudisha taiming (muda wa plagi kupiga cheche) nyuma kama digrii 2, weka plagi za baridi hatua moja zaidi (zinazotoa joto haraka), na upime presha ya petroli gari likiwa limekanyagwa hadi mwisho. Swichi ya nitro iwake pedali ikiwa chini kabisa na mizunguko ya injini ikishavuka 3,000 kwa dakika. Ukiiwahisha, petroli inatuama kwenye manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) na inaweza kulipukia humo humo.

Mtungi wa gesi unataka presha ya psi 900 hadi 1,000. Ukipoa, tumia hita yake ya umeme. Fundi anayeupasha kwa moto, mkimbie.