CA 15-3 iko sawa lakini chuchu bado inachubuka: jibu liko kwenye nyama, si kwenye damu

Ndugu, umeuliza kama CA 15-3 ya kawaida inatosha kuondoa shaka ya ugonjwa wa Paget wa chuchu, yaani saratani inayojitokeza kwenye ngozi ya chuchu. Haitoshi. Kipimo hicho cha damu hutumika zaidi kufuatilia saratani iliyokwisha kusambaa. Ugonjwa ukiwa bado kwenye ngozi ya chuchu na mifereji ya maziwa, damu mara nyingi haionyeshi kitu. Na krimu ya steroidi ikituliza muwasho kwa muda isikupumbaze. Paget hufanya hivyo, kisha hurudi.

Kinachohitajika ni kipande cha nyama. Kikatwe kwa kisu cha duara cha milimita 3 au 4, kwenye chuchu yenyewe, kichukue unene wote wa ngozi. Wakikwangua juu juu wanaweza kuambulia magamba tu. Kiingie kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10 ndani ya saa moja, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikitolewa mapema au kikichelewa kuingizwa, HER2 (protini inayochochea saratani kukua) na vipokezi vya homoni huweza kusoma hasi wakati vipo.

Maabara isipime alama moja, yaani protini moja tu ya kutambulisha aina ya seli. Chini ya hadubini Paget hufanana na melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) na ugonjwa wa Bowen (saratani changa ya tabaka la juu la ngozi). Paget kwa kawaida huwa CK7 chanya, p63 hasi. Bowen hushika, yaani huwa chanya kwa, p63 na CK5/6. Melanoma hushika SOX10 na Melan-A. S100 peke yake siiamini, kwa kuwa baadhi ya Paget nazo huishika. CK7 nayo ina mtego wake: seli za Toker, ambazo ni za kawaida kwenye chuchu na hazina madhara, huwa CK7 chanya. Kinachozitenga ni HER2, ambayo kwenye seli za Toker kwa kawaida ni hasi, ilhali kwenye Paget huwa chanya kwa takriban wagonjwa 8 hadi 9 kati ya 10. HER2 ikisoma 2+, yaani jibu lisilo na uhakika, usikubali iishie hapo. Omba kipimo cha jeni ya HER2 kwenye kipande kilekile.

Wagonjwa wengi wana saratani nyingine ndani ya titi hata kama halina uvimbe wa kushikika. Fanya mamografia na ultrasaundi, na zisipoonyesha kitu, MRI. Ikipatikana saratani vamizi (iliyopenya nje ya mifereji ya maziwa), ipimwe alama zake upya, kwa sababu trastuzumab, dawa inayolenga HER2, hupangwa kwa majibu ya hiyo, si ya seli zilizo kwenye ngozi ya chuchu.